Mlangilangi: Mti wa Harufu Njema na Haki Zake

Sifa zote njema zinamstahikia Allah Subhanahu Wataala, aliyeitandika ardhi na kuiotesha kila namna ya mmea wenye kupendeza. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), aliyependa manukato na kuchukia harufu ya kuwaudhi watu, pamoja na Ahali zake na Masahaba wake wote.



Wiki hii ukurasa wetu unazungumzia mlangilangi, na sababu yake si kupamba gazeti. Katika kiwanja cha msikiti wetu, nje ya ukuta wa upande wa birika, umesimama mlangilangi mkubwa ambao kwa miezi kadhaa umekuwa ajenda ya kila kikao cha kamati. Kijana wa miaka 12 aliupanda jioni ya kuamkia arusi ili achume maua. Tawi likavunjika, akaanguka, na akavunjika mtulinga. Alhamdulillahi, amepona na amerudi madrasa. Lakini tangu siku hiyo wapo waliosema mti ukatwe, na wapo waliosema kuukata ni kukata riziki za watu.

Pande zote mbili zina hoja yenye uzito. Nililolibaini katika mabishano yale ni kwamba wengi tunaoubishania mti huu tunaijua harufu yake tu. Hatujui unavyokua, unavyotunzwa, wala sharia inasemaje juu ya maua yake. Kwa hiyo nimeona ni vyema tuanzie hapo.

Mti wenyewe

Mlangilangi, ambao wataalamu wa mimea huuita Cananga odorata, asili yake ni nchi za Kusini Mashariki ya Asia, zikiwemo Ufilipino na Indonesia. Ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope. Ukiachwa ukue upendavyo, hupita mita 15 kwa urefu, na matawi yake marefu huinama kuelekea chini kana kwamba yamechoka. Mbao yake ni laini na nyepesi kuvunjika, nalo ni jambo la kuzingatiwa sana, kwani ndilo lililomponza kijana wetu.

Ua lake lina petali sita ndefu, nyembamba, zenye kujikunja kidogo na kuning'inia. Mwanzoni huwa la kijani na harufu yake ni hafifu. Hukaa mtini kiasi cha wiki mbili mpaka tatu likigeuka taratibu kuwa la manjano. Dalili ya kwamba limekomaa ni rangi ya manjano iliyokolea pamoja na doa jekundu linalojitokeza ndani, kwenye shina la petali. Mwenye kuchuma maua ya kijani kwa pupa huuharibia mti na hujidanganya mwenyewe, kwani anapata ua lisilo na harufu.

Matunda yake hutoka kwa mafungu, madogo mfano wa zeituni, ya kijani kisha meusi yanapoiva. Ndege huyala na kuzisambaza mbegu. Ndiyo maana wakati mwingine mche huota mahali ambapo hapana aliyeupanda.

Jirani zetu wa Comoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani wa mafuta ya langilangi, na kisiwa cha Nzwani ndicho kinachotangulia. Huko langilangi, karafuu na vanila ndizo nguzo za biashara ya nje. Maua hutiwa katika mtungi mkubwa, yakapitishiwa mvuke kwa saa nyingi, na mafuta hukusanywa kwa mafungu. Yanayotoka saa za mwanzo ndiyo yenye harufu bora na bei kubwa, na hununuliwa na watengenezaji wa manukato wa Ulaya. Manukato mashuhuri ya Chanel No. 5, yaliyotolewa Ufaransa mwaka 1921, yana langilangi ndani yake. Yanayotoka mwisho huingia katika sabuni. Ili ipatikane kilo 1 ya mafuta huhitajika kilo 50 za maua au zaidi. Kazi hiyo hula kuni nyingi, na misitu ya visiwa vile imeumia kwa sababu yake. Hapo pana funzo kwamba neema ya mti mmoja, isipoendeshwa kwa kiasi, huweza kuwa msiba wa miti mingine.

Kwetu Unguja na Pemba, langilangi limebaki kuwa la nyumbani zaidi. Huingia katika kikuba pamoja na asumini, rehani na mkadi. Huingia katika singo ya bibi arusi. Hutawanywa kitandani na hufukiwa ndani ya makasha ya nguo. Wapo akina mama, wengi wao wajane, wanaojipatia fedha ya sabuni na ya vitabu vya watoto kwa kushona vikuba na kuviuza siku za Alhamisi na siku za arusi. Katika mtaa wetu hao ndio walioguswa zaidi na pendekezo la kuukata mti.

Kuupanda

Mwenye kutaka kuupanda mti huu kwanza autafutie ardhi. Mlangilangi una mzizi mkuu unaokwenda chini sana, hivyo hautastawi katika ardhi ya maweni ambako udongo ni kiganja kimoja juu ya jiwe. Unataka udongo wenye kina, wenye rutuba, unaopitisha maji. Hupenda mvua nyingi na joto, lakini haupendi mizizi yake ikae ndani ya maji yaliyotuama. Upepo mkali nao ni adui, kwa ule udhaifu wa matawi tulioutaja. Upande wa nyumba uliokingwa na kusi unafaa zaidi.

Mbegu zitolewe katika matunda yaliyoiva na kuwa meusi, zioshwe utelezi wake, kisha zianikwe kivulini. Hapa wengi hushangaa, kwani mbegu mbichi huota kwa shida, na iliyokaa miezi sita au zaidi huota vizuri kuliko iliyotolewa leo. Kabla ya kupanda, zilowekwe katika maji ya moto kiasi, usiku mmoja. Hata baada ya hayo, mbegu za mlangilangi haziamki siku moja. Moja itachomoza baada ya wiki chache, na nyingine baada ya miezi miwili au zaidi. Haraka haraka haina baraka, na mtu asiumwage udongo wa kopo lake kwa kudhani mbegu imekufa.

Mbegu ipandwe moja moja katika mfuko au kopo refu, kwa sababu ya ule mzizi mkuu. Mche unapofikia urefu wa sentimita 25 mpaka 30 huwa tayari kuhamishwa. Katika kuuhamisha, bonge la udongo lisivunjwe, kwani mzizi mkuu ukikatika, mche hudumaa au hufa. Shimo liwe la sentimita 50 kwa upana na kwa kina, lichanganywe samadi iliyooza vizuri. Wakati bora ni mwanzo wa masika. Mwaka wa kwanza mche uwekewe kivuli chepesi cha makuti, umwagiliwe maji mvua zinapokatika, na shina lizungushiwe majani makavu ili udongo usikauke, ila majani hayo yasiligandamane shina lenyewe.

Masafa nayo yana hukumu yake. Baina ya mti na mti ziachwe mita 5 au 6. Baina ya mti na nyumba, kisima, birika au ukuta wa jirani, zisipungue hizo. Wanaopanda mti wakiwa wameutazama mche tu, bila kuufikiria mti utakaokuja, huwarithisha watoto wao ugomvi.

Ukitunzwa, mlangilangi huanza kutoa maua baina ya mwaka wa pili na wa tatu, na baada ya hapo huchanua karibu mwaka mzima, mara mengi, mara machache.

Kuupogoa

Hili ndilo lililotatua sehemu kubwa ya mzozo wetu. Katika mashamba ya Comoro hutauona mlangilangi wa mita 15. Mti unapofikia kimo cha mtu na zaidi kidogo, hukatwa kilele, na matawi huelekezwa yatambae upande upande na kuinamia chini. Mti hubaki na kimo cha mita 2 au 3, na mchumaji huchuma akiwa amesimama juu ya ardhi kwa miguu yake miwili. Mti hauoni dhiki kwa hilo, bali huchipua matawi mengi zaidi ya pembeni, na maua huwa karibu na mkono.

Mwenye mti mchanga aanze mapema, mwaka wa pili, kabla shina halijawa nene. Mwenye mti mkubwa uliokwisha kurefuka asiukate wote kwa siku moja, bali aushushe kwa hatua, msimu baada ya msimu, akiacha kila mara matawi ya chini yenye majani ya kuulisha. Kazi hiyo apewe mtu mzima anayeijua, mwenye kamba na ngazi madhubuti, wala si watoto wa jirani kwa ahadi ya soda.

Maua na matumizi yake

Langilangi huchumwa alfajiri, tangu weupe unapotokea mpaka kabla ya jua kupanda, kwani harufu yake huwa imekusanyika usiku. Lililochumwa adhuhuri limekwisha kupoteza sehemu yake njema. Lichumwe kwa vidole bila kulibana, liwekwe ndani ya kikapu kilicho wazi au sinia pana, wala lisifungiwe katika mfuko wa plastiki, kwani hupata joto na kugeuka jeusi. Ua lililoanguka na kusagika halifai tena kwa kikuba.

Anayependa mafuta ya nywele achukue mafuta safi ya nazi, atie ndani ya chupa ya kioo, na ayatumbukize maua yaliyonyauka kwa saa chache kivulini ili unyevu upungue. Chupa ikae mahali pa joto kwa siku mbili au tatu, kisha mafuta yachujwe na kutiwa maua mapya. Kazi hiyo irudiwe mpaka harufu ikolee. Unyevu ukibaki, mafuta yatavunda. Na kabla ya kuyapaka kichwani, mtu ajaribu tone moja mkononi na asubiri mpaka kesho yake, kwani wapo ambao ngozi zao hazipatani na langilangi. Mafuta makali ya dukani yasipakwe mwilini bila kuchanganywa na mafuta mengine, na yasinywewe kabisa. Na wapo ambao harufu hii ikizidi huwaumiza kichwa, hivyo mwenye kupamba chumba cha mgonjwa au cha mzazi aulize kwanza.

Haki na adabu

Uislamu umeipa harufu njema nafasi ya heshima. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza Waislamu wasimrudishe mwenye kuwapa rehani, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na ina harufu nzuri. Kuoga na kujitia manukato siku ya Ijumaa ni katika sunna zinazojulikana. Lakini harufu njema ina mahali pake. Akina mama wanaokwenda msikitini walielekezwa na Mtume (S.A.W.) wasijitie manukato, kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Zaynab mke wa Ibn Masud (R.A.). Basi kikuba ni pambo la nyumbani, na thamani yake haipungui kwa kubaki nyumbani.

La pili ni kuchuma mti wa mtu. Wapo wanaodhani kwamba ua, kwa kuwa haliliwi, halina mwenyewe. La, lina mwenyewe. Tawi likivuka ukuta na kuingia kwa jirani, jirani ana haki ya kumtaka mwenye mti aliondoe au alirudishe, lakini maua yaliyoko juu yake hubaki kuwa mali ya mwenye mti mpaka atoe ruhusa. Na ruhusa ni neno moja tu. Sijaona mwenye mlangilangi aliyeombwa kwa heshima akanyima.

La tatu ni mti ulioko katika ardhi ya wakfu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi wametazama nia ya mpandaji. Ikiwa mti ulipandwa kwa ajili ya msikiti, mazao yake huuzwa na thamani huingia katika maslahi ya msikiti. Ikiwa ulipandwa ili watu wanufaike nao, watu watanufaika nao. Kwa hiyo kamati haina mamlaka ya kugawa wala kuzuia kwa kupenda kwake. Ilitulazimu tuulize. Wazee watatu wa mtaa walishuhudia kwamba marehemu aliyeupanda mti ule alitamka mbele yao kuwa maua yake ni ya yeyote atakayeyahitaji. Allah amrehemu. Kwa ushahidi huo tuliifunga hoja ya baadhi ya wajumbe waliotaka wachumaji watozwe fedha.

Tulivyoamua

Wenye kutaka mti ukatwe walisimama juu ya kanuni isiyopingika, nayo ni kwamba kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Mtoto ameanguka, na mwingine anaweza kuanguka na asiamke. Hapana kikuba kinacholingana na hilo. Lakini kanuni za fiqhi zina ndugu zake, na miongoni mwazo ni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake. Tulipoyatazama vizuri madhara, tuliona kwamba yalikuwa katika kimo cha mti. Kimo chaweza kuondolewa, na mti ukabaki.

Bibi mmoja mjane, ambaye ameshona vikuba tangu wengi wetu hatujazaliwa, aliitwa atoe maoni yake. Alisema maneno machache: "Wanangu, wakfu si wangu na mtoto aliyeanguka ni mjukuu wangu kama wenu. Mkiukata sina la kusema. Naomba tu mniambie mapema, nijue pa kwenda." Kikao kilinyamaza kwa muda.

Iliamuliwa kwamba mti ushushwe kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza imekwisha kufanywa na fundi kabla ya masika. Ni marufuku kwa yeyote, mkubwa au mdogo, kuupanda. Maua huchumwa baada ya sala ya Alfajiri, na watu wazima tu, kwa upembo au kwa mkono, wakiwa wamesimama chini. Mzee mmoja wa kamati bado haridhiki, na amelisema hilo waziwazi. Hoja yake ni kwamba watoto hawasomi matangazo. Amesema kweli, na kwa ajili ya hoja yake shina limezungushiwa seng'enge mpaka hatua ya tatu ikamilike.

Uamuzi huu una gharama yake, na si haki kuificha. Mti uliopogolewa umetoa maua machache msimu huu, na waliopungukiwa ni wale wale akina mama. Familia nne za mtaani zenye milangilangi uani zimewaruhusu wachume kwao kwa zamu mpaka wa msikiti uchanue tena. Nao wanafunzi wa madrasa wameotesha mbegu katika makopo, na yule kijana aliyeanguka ndiye anayeyamwagilia maji. Mpaka naandika haya, miche 11 imechomoza. Itagawiwa kwa wajane kwanza, kila mmoja upandwe kwake, na ukatwe kilele ungali mdogo.

Ndugu msomaji, kama una kipande cha ardhi chenye kina, mvua za mwaka ujao zisikukute ukiwa hujaandaa mbegu. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mwislamu anapopanda mmea, kisha ndege, mtu au mnyama akala kutokana nao, huandikiwa sadaka. Ndege hula matunda ya mlangilangi, na mjane hula kwa maua yake. Lakini atakayepanda na aupande mbali na ukuta wa jirani, aupogoe mapema, na awaambie watu wake, angali hai, mti ule ni wa nani. Neno hilo moja litawaepusha watakaobaki na vikao vingi.

Wiki ijayo, inshaAllah, tutazungumzia maji ya birika na israfu katika udhu.

Wabillahi tawfiq.